Rangi ya Ngozi Yetu katika Picha za Kompyuta

Siku hizi picha za Wenyeheri wetu hazitoki tena Ulaya peke yake, ndani ya masanduku ya misioni. Vijana wetu wenyewe wazitengeneza kwa kompyuta, hata kwa telefoni ya mkononi, kwa kidole tu, pasipo brashi wala kikopo cha rangi. Picha hizo zapita toka Kasongo hata Kabambare kwa siku moja. Zachapwa juu ya kadi, juu ya kalenda, na juu ya vikwembe vya sikukuu. Jambo hili ni jema, nasi twalifurahia. Lakini kazi njema yastahili kupimwa, kama vile fundi mzuri apendavyo ukuta wake upimwe kwa timazi. Leo twataka kupima jambo moja tu: ngozi. Je, ngozi ya watu wetu katika picha hizi ni ngozi kweli?

Wako watakaosema: “Katekista, ngozi ni jambo dogo, kitu kikubwa ni moyo.” Ni kweli, moyo ni mkubwa. Lakini mchoraji hana njia ya kuuonyesha moyo ila kwa uso na mikono, na hivyo vyote vimefunikwa na ngozi. Tena kila anayeuza na kununua katika soko la Kasongo ajua kwamba sisi hatuna rangi moja. Yuko mama mwenye rangi ya maji ya kunde. Yuko mwenye rangi ya kahawa iliyokaangwa. Yuko mweusi kabisa, anayeng’aa kama aliyepakwa mawese. Mchoraji anayewapaka wote kahawia moja hajawatazama. Naye asiyetazama, atachora nini?

Nimezitazama nyingi za picha hizi, nami naona makosa yake ni ya namna tatu.

Namna ya kwanza naiita uso uliosafishwa. Kijana atwaa picha ya zamani isiyo na rangi, tuseme ya Mwenyeheri Anuarite, aliyezaliwa Wamba mwaka 1939, akauawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, akatangazwa Mwenyeheri mjini Kinshasa na Papa Yohane Paulo wa Pili tarehe 15 Agosti 1985. Aitia picha hiyo katika programu inayopaka rangi yenyewe. Programu haimjui Anuarite. Picha isiyo na rangi huhifadhi kipimo cha mwanga tu: mahali hapa pana mwanga mwingi, mahali pale kidogo. Rangi yenyewe haimo. Basi programu yabahatisha, kwa kufuata maelfu ya picha nyingine iliyofundishwa nazo. Kama nyingi kati ya hizo ni za watu weupe, kubahatisha kwake kutaelekea huko. Matokeo yake ni uso wa rangi ya chai yenye maziwa mengi. Kisha kijana aongeza kichujio cha urembo, kinacholainisha ngozi na kuing’arisha, na hapo hata mistari midogo ya uso yafutika. Anabaki dada mzuri sana, lakini ni nani huyo?

Wala tusidhani kwamba picha za kale zenyewe husema kweli yote. Filamu nyingi zilizotumika kabla ya miaka ya 1930 hazikuweza kuona rangi nyekundu. Na ngozi yetu ina wekundu mwingi ndani yake. Kwa hiyo watu walitoka katika picha wakiwa weusi kuliko walivyokuwa mbele ya macho. Anayetumia picha hizo apaswa kulijua jambo hili, asije akafanya kosa la mashine kuwa sura ya babu zetu.

Namna ya pili naiita uso wa majivu. Huyu mchoraji ametazama kidogo, lakini ametumia njia ya mkato. Achagua kahawia moja. Anapotaka mwanga aongeza nyeupe. Anapotaka kivuli aongeza nyeusi. Basi mtu atokea kama aliyelala jikoni penye majivu: paji la uso la kijivu, mashavu ya kijivu, na chini ya kidevu masizi. Kosa hili ndilo limeenea kuliko yote, na wanaolifanya mara nyingi ni vijana wenye bidii.

Namna ya tatu ni uso wa kivuli. Hapa ngozi haina mwanga hata kidogo. Yote ni nyeusi moja, na ndani yake yameachwa macho meupe na meno meupe. Wachoraji wa namna hii hudhani wanaiheshimu ngozi nyeusi kwa kuipaka nyeusi sana. Kumbe wamerudi mahali tulipokwisha kutoka. Kumbukeni kitabu cha Tintin kilichohusu Kongo. Hergé, Mbelgiji ambaye hakufika Kongo hata siku moja, alikitoa kwanza gazetini mwaka 1930 na 1931 pasipo rangi, kisha akakichora upya kwa rangi mwaka 1946. Tumhukumu kwa haki. Katika kitabu hicho hata Tintin mwenyewe amepakwa rangi moja isiyo na kivuli, kwa kuwa ndiyo desturi ya uchoraji ule. Kosa si rangi kuwa bapa. Kosa ni kwamba wageni wana nyuso mbalimbali, kila mtu yake, na wenyeji karibu wote wana uso mmoja na weusi mmoja. Basi kijana wa leo anayepaka kwaya nzima ya parokia kwa weusi mmoja, hata akiwa mwana wa Maniema, afuata njia ile ile.

Sasa tuulize: ngozi hufanya nini na mwanga? Mtu akilijua hili, makosa matatu yatapungua yenyewe.

Mwanga ukifika juu ya ngozi hugawanyika sehemu mbili. Sehemu ndogo hurudi palepale juu, kama irudivyo juu ya maji au juu ya chungu kilichopakwa mafuta. Huo ndio mng’ao. Mng’ao huchukua rangi ya mwanga uliokuja, si rangi ya ngozi. Ukisimama chini ya mbingu ya buluu, mng’ao wa paji lako huelekea buluu. Ukikaa karibu na moto jioni, huelekea machungwa. Sehemu nyingine ya mwanga huingia ndani ya ngozi, huzunguka humo, kisha hutoka tena ikiwa imechukua rangi ya ngozi na ya damu.

Kitu kinachotia weusi katika ngozi huitwa melanini. Watu wote wanayo, wengine nyingi, wengine kidogo. Melanini hunywa mwanga, nayo huunywa mwanga wa buluu kuliko mwekundu. Ndiyo maana ngozi nyeusi, ukiitazama vizuri, si nyeusi kama makaa. Ina wekundu, ina rangi ya udongo, na kwa wengine ina zambarau. Sasa fikiri: mwanga unaotoka ndani ya ngozi nyeusi ni mdogo, kwa sababu mwingi umenywewa. Lakini mng’ao wa juu ni karibu sawa kwa watu wote. Kwa hiyo juu ya ngozi nyeusi mng’ao huonekana wazi zaidi kuliko juu ya ngozi nyeupe. Hapo ndipo umbo la uso wetu huonekana: mfupa wa shavu, ukingo wa pua, mdomo wa juu, bega. Mchoraji anayeuondoa mng’ao ametuondolea uso. Na anayeueneza mng’ao juu ya uso mzima kwa kuongeza nyeupe ametupaka majivu. Mng’ao uwe mdogo, uwe na mpaka, ukae mahali pake.

Sasa kivuli. Kompyuta huandika kila rangi kwa namba tatu: nyekundu, kijani, na buluu, kila moja kutoka 0 hata 255. Tuseme ngozi ya mtu wa maji ya kunde ni 120, 75, 50. Vijana hutengeneza kivuli kwa kuweka tabaka jingine juu, na kuiamuru programu izidishe. Yaani kila namba ya ngozi yazidishwa kwa namba ya kivuli, kisha yagawanywa kwa 255. Ukiweka kivuli cha kijivu cha 128 kwa kila namba, ngozi yawa 60, 38, 25. Imepungua nusu, lakini haikupata uhai wowote. Ukiweka kivuli chenye wekundu, tuseme 150, 100, 110, ngozi yawa 71, 29, 22. Hapo mtu aona kwamba damu imo ndani.

Lakini angalieni. Hesabu hiyo hiyo ikitumika juu ya ngozi nyeusi zaidi, tuseme 60, 38, 28, kijivu kile cha 128 chaileta hata 30, 19, 14. Katika telefoni ya bei ndogo, tena nje juani, namba hizo zote zaonekana nyeusi tu. Shingo yaungana na nywele, jicho lapotea. Kwa hiyo kivuli kinachofaa kwa Mzungu au kwa mtu wa maji ya kunde hakifai kwa mtu mweusi sana. Kwake yeye usikaze kivuli. Mjenge zaidi kwa mwanga: mng’ao wa juu, na mwanga unaorudi kutoka vitu vya karibu.

Mwanga huo unaorudi, sisi tunao kwa wingi. Kasongo iko karibu na ikweta, kama digrii nne na nusu upande wa kusini. Saa sita mchana jua huwa karibu utosini. Kivuli chaanguka chini ya nyusi, chini ya pua, na chini ya kidevu, si upande mmoja wa uso kama katika picha za nchi za baridi. Na chini yetu kuna udongo mwekundu wa barabara. Jua likipiga udongo ule, mwanga mwekundu warudi juu na kugusa chini ya kidevu na chini ya mikono. Chini ya mwembe mwanga huwa na ukijani. Karibu na Lualaba huwa mweupe kutoka majini. Mtu aliyevaa kanzu nyeupe hupata mwanga wa kanzu shingoni. Mchoraji akiviweka hivi, hata asiyejua kusoma atasema: “Mtu huyu yuko kwetu.” Asipoviweka, anaweza kuchora minazi na nyumba za nyasi nyuma yake, mtu atabaki mgeni.

Tena asisahau sehemu za mwili zisizofanana. Viganja na nyayo ni vyeupe kuliko migongo ya mikono na ya miguu. Midomo mara nyingi ina rangi mbili. Weupe wa jicho si mweupe kama karatasi. Nimeona picha nyingi ambamo mtakatifu ainua mikono kusali, na viganja vyake vina rangi ile ile ya paji la uso. Mtoto mdogo ageuze tu mkono wake mwenyewe, ataliona kosa.

Nataka sasa kuleta mtihani mmoja ulio karibu nasi. Tarehe 28 Novemba 1964, ng’ambo ya mpaka wa Kabambare, Padri Luigi Carrara na Bradha Vittorio Faccin waliuawa Baraka. Siku ile ile Padri Giovanni Didoné na Abbé Albert Joubert waliuawa Fizi. Wote wanne walitangazwa Wenyeheri mjini Uvira tarehe 18 Agosti 2024, na Kardinali Fridolin Ambongo. Watatu wa kwanza walikuwa Waitalia. Abbé Joubert alizaliwa mwaka 1908 huko Mrumbi, upande wa Moba. Baba yake alikuwa Mfaransa, mama yake Mwafrika.

Sasa, ewe kijana, wachore hao wanne pamoja. Nimeona njia mbili zinazotumika. Mmoja amchora Abbé Joubert mweupe sawa na wenzake watatu, hata mama yake atoweka. Mwingine ampaka weusi wa makaa, ili watazamaji wajue upesi ni yupi Mwafrika, hata baba yake atoweka. Njia zote mbili hazisemi kweli juu yake. Alikuwa mtoto wa nyumba mbili, na uso wake ulizibeba zote mbili. Njia ya haki ni ngumu zaidi: jua moja liwaangukie wote wanne, na kila ngozi ilijibu kwa namna yake. Waitalia, baada ya miaka chini ya jua letu, wawe na wekundu wa shingo na wa pua, si nta ya mshumaa. Abbé Joubert apewe rangi yake, yenye joto lake, na mng’ao wake. Mwanga mmoja, ngozi nne. Anayeuweza mtihani huu ni mchoraji.

Mtihani wa namna hii si mgeni kwa wachoraji wa Kongo. Barly Baruti, aliyezaliwa Kisangani mwaka 1959, alitoa mwaka 2014 kitabu cha picha kiitwacho Madame Livingstone, hadithi ya vita vya 1914–1918 kando ya Ziwa Tanganyika. Ndani yake yumo mtu wa damu mbili anayejiita mwana wa Livingstone. Hadithi hiyo haiwezi kusimama kama mchoraji hana ila rangi mbili, ya Mzungu na ya mtu mweusi. Yadai ya tatu, nayo iaminike.

Huko Kamerun nako, katika miaka ya 1970, Wakristo Wamafa wa kaskazini, pamoja na Padri François Vidil, walifanya kazi inayofaa kufuatwa. Kwanza watu wa kijiji waliigiza wenyewe mambo ya Injili. Wakapigwa picha. Kisha picha zikageuzwa michoro. Michoro hiyo imeenea duniani kwa jina la Vie de Jésus Mafa. Mimi naona baadhi yake imelainishwa kupita kiasi. Lakini mwanzo wake ni sahihi: walianza kwa kuwatazama watu waliosimama juani. Kijana wa Kasongo mwenye telefoni aweza kufanya vivyo hivyo leo. Ampige picha mjomba wake saa tatu asubuhi, saa sita, na saa kumi na moja, pasipo kichujio, kisha aone jinsi uso mmoja unavyobadilika.

Vipimo vya rangi navyo vipo. Kipimo cha daktari Thomas Fitzpatrick kilianza mwaka 1975 kwa ajili ya ngozi nyeupe zinazoungua juani, na ngozi za kahawia na nyeusi ziliongezwa baadaye. Mwaka 2022 Profesa Ellis Monk wa Marekani, pamoja na kampuni ya Google, alitoa kipimo cha rangi kumi. Hicho chafaa kuanzia. Lakini hakuna mtu mwenye rangi moja mwili mzima, wala rangi kumi hazitoshi kwa soko moja la Jumamosi.

Nimesema mengi juu ya Wenyeheri. Lakini liko jambo linalotugusa sisi sote. Mtu akifa, jamaa yake wapeleka picha yake kwa fundi wa kompyuta, ili ikuzwe na kuwekwa mbele ya watu wakati wa matanga. Mara nyingi fundi aing’arisha ngozi bila kuulizwa, akidhani afanya hisani. Picha yaletwa, na mama mzee alia mara mbili: kwanza kwa msiba, pili kwa kuwa huyu aliye katika fremu si mwanawe. Na binti mdogo aliyekaa pembeni ajifunza nini? Ajifunza kwamba hata katika kifo uso wake hautoshi kama ulivyo. Kisha kesho twamshangaa akinunua dawa za kujichubua ngozi, ambazo nyingine zina zebaki inayoharibu figo. Fundi wa picha hakumwuzia dawa ile. Lakini amemwambia neno lile lile.

Wako wenye kujitetea hivi: “Picha ya Mtakatifu si picha ya pasipoti. Twampaka weupe ili kuonyesha utukufu wa mbinguni.” Hoja hii yastahili jibu. Ni kweli kwamba picha takatifu haikusudiwi kuhesabu kila unywele. Wachoraji wa kale wa Mashariki walizungushia vichwa dhahabu, na hakuna aliyewalaumu. Lakini fikirini juu ya Musa. Aliposhuka mlimani uso wake uling’aa, hata watu wakaogopa kumkaribia. Je, waliogopa kwa sababu hawakumjua? La, walimjua kuwa ni Musa. Uso ulikuwa ule ule, mwanga ndio uliokuwa mpya. Basi ukitaka kuonyesha utukufu, ongeza mwanga juu ya ngozi, usiiondoe ngozi. Na tumekwisha kuona kwamba mng’ao huonekana wazi zaidi juu ya ngozi nyeusi. Ngozi yetu yafaa sana kwa kazi hiyo.

Basi, ninyi viongozi wa jumuiya na wa vikundi, kabla ya kulipa fedha ya kuchapa kalenda au vikwembe, itazameni picha nje, juani, na muulize maneno matatu. Je, mwanga watoka wapi, nao wawaangukia wote? Je, watu wana rangi zao, au wamepakwa moja? Je, ndugu wa mtu huyu wangemjua? Jibu likiwa baya, mrudishieni kijana kazi yake kwa upole, na kumwonyesha mahali penye kosa. Msimwambie tu “si nzuri”, kwa maana neno hilo halifundishi.

Nanyi vijana, msivunjike moyo. Programu kama Krita hupatikana bure, na telefoni mliyo nayo yatosha kwa kuanza. Kitu kinachohitajika zaidi hakinunuliwi: kumtazama mtu kwa muda mrefu kabla ya kumchora. Twangoja picha za Wenyeheri wa Baraka na Fizi zilizochorwa na mikono ya Kabambare. Zikifika, tutazipima tena hapa.